Sukari ikishuka: jinsi inavyoathiri ubongo wa mgonjwa wa kisukari, na nini cha kufanya akianguka na kutikisika

Makala haya ni kwa watu wenye kisukari, familia zao na majirani zao katika makazi ya Mantapala, Kashikishi, Nchelenge mjini, vijiji vya kando ya Ziwa Mweru na visiwa vya Kilwa, Chisenga na Isokwe. Yanaeleza kwa nini sukari ikishuka sana mtu hupotewa na akili, huanguka na kutikisika mwili, na nini cha kufanya kabla ya kumfikisha kliniki. Hayachukui nafasi ya ushauri wa muuguzi au daktari wako.

Kwa ufupi

- Dawa za kisukari hushusha sukari. Zikikutana na tumbo tupu, kazi nzito au pombe, zinaweza kuishusha kupita kiasi.
- Ubongo ndio unaoumia kwanza. Mtu huchanganyikiwa, huongea ovyo, hutokwa na jasho, na hali ikizidi huanguka na kutikisika.
- Akiwa bado anaweza kumeza, mpe sukari mara moja. Usisubiri kipimo.
- Akiwa amezimia, usimnyweshe kitu. Mlaze ubavu na umpeleke kituo cha afya haraka.
- Kipimo cha malaria kikionyesha malaria, omba apimwe na sukari pia. Mtu anaweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja.

Kisukari ni sukari nyingi. Sasa inashukaje?

Hili ni swali ambalo familia nyingi huuliza, na ni swali zuri. Kisukari chenyewe hupandisha sukari katika damu. Kinachoishusha kupita kiasi mara nyingi ni matibabu: insulini, au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini zaidi. Vidonge hivyo ni kama glibenklamidi, glimepiridi na gliklazidi. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta tatizo hili.

Hii haimaanishi kwamba dawa ni mbaya. Bila dawa, sukari iliyopanda kwa miaka huharibu macho, figo, mishipa na miguu, na mwenye kisukari cha aina ya kwanza hawezi kuishi bila insulini. Lakini dawa hupangwa kulingana na chakula. Ukichoma sindano asubuhi ukitegemea kula, kisha chakula kisipatikane, insulini itaendelea na kazi yake bila kujali kwamba sufuria iko tupu.

Kando ya Mweru hali hiyo hutokea kwa njia nyingi. Mgao au pesa za chakula huchelewa. Uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na nyumba zinazotegemea samaki hubaki na mlo mmoja kwa siku. Mvuvi hutoka jioni, huvuta nyavu usiku kucha na kurudi alfajiri bila kula. Mama hulima muhogo tangu asubuhi hadi mchana akiwa amekunywa chai tu. Misuli inayofanya kazi hula sukari, na huendelea kuila kwa saa kadhaa baada ya kazi kwisha. Ndiyo maana mtu anaweza kulima mchana akiwa mzima, kisha sukari ikamshuka usiku akiwa usingizini.

Kwa nini ubongo huumia kwanza?

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Misuli na ini huweka akiba ya sukari. Ubongo karibu hauna akiba. Unategemea damu iulete sukari kila dakika, mchana na usiku.

Sukari inapoanza kupungua, mwili hupiga kengele. Hutoa homoni ya adrenalini, na mtu huanza kutetemeka mikono, moyo kwenda mbio, jasho jembamba kumtoka na njaa kali kumshika. Hii ni hatua nzuri, kwa sababu mgonjwa mwenyewe anaweza kujisaidia.

Ikiendelea kushuka, ubongo wenyewe huanza kukosa chakula. Mgonjwa hushindwa kufikiri, macho huona ukungu, ulimi huwa mzito, hatua huyumba. Anaweza kuwa mkali bila sababu, kulia, kucheka, au kukataa msaada kwa nguvu. Wakati mwingine upande mmoja wa mwili hulegea kama wa mtu aliyepata kiharusi, kisha hurudi kawaida akipewa sukari.

Ikizidi kushuka, huja degedege au kuzimia. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Ili umeme huo uwe na mpangilio, kila seli inapaswa kutumia nishati kusukuma chumvi nje na ndani bila kupumzika. Nishati ikiisha, mpangilio huvunjika. Seli nyingi hutoa umeme kwa pamoja bila utaratibu, na mwili mzima hukakamaa na kutikisika. Hali hiyo ikiachwa kwa muda mrefu, seli huanza kufa, hasa zile za sehemu ya juu ya ubongo na za sehemu inayohifadhi kumbukumbu.

Kwa hiyo muda ndio kila kitu. Wagonjwa wengi wanaopewa sukari mapema hupona kabisa, ingawa akili inaweza kuchukua hadi saa moja au zaidi kurudi sawasawa. Anayeachwa kwa saa nyingi, kwa sababu watu wanadhani amelala au amelewa, anaweza kufa au kubaki na ulemavu wa ubongo.

Namba za kukumbuka, na jinsi ya kuzisoma

Kuna vipimo viwili vinavyotumika duniani. Mashine nyingi za Zambia husoma milimoli (mmol/L). Watu wengi waliotibiwa Kongo wamezoea miligramu (mg/dL). Ni kitu kile kile kwa namba tofauti. Kubadili milimoli kuwa miligramu, zidisha kwa 18.

- Chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL): sukari imeshuka. Kula au kunywa kitu kitamu sasa.
- Chini ya 3.0 mmol/L (54 mg/dL): ni hatari. Ubongo umeshaanza kuathirika.
- Mgonjwa hawezi kujisaidia, amechanganyikiwa, anatikisika au amezimia: ni dharura, hata kama hakuna mashine ya kupimia.

Kutojua tofauti hii kunaweza kuumiza mtu. Aliyezoea kuona 110 kwenye mashine yake ya zamani anaweza kuona 6.1 kwenye mashine mpya na kuogopa kwamba sukari imekwisha, kumbe ni kiwango kile kile. Na anayeona 11 anaweza kudhani ni 110 na kuridhika, kumbe 11 ni karibu 200. Muulize muuguzi mashine yako inasoma namba gani, na uandike kwenye daftari lako la kliniki.

Nini cha kufanya mgonjwa akiwa bado anaweza kumeza

1. Mpe sukari ya haraka. Kwa mtu mzima: vijiko vinne vidogo vya sukari katika nusu kikombe cha maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, au kijiko kikubwa cha asali. Kwa mtoto mdogo, nusu ya kiasi hicho hutosha kuanzia.
2. Subiri dakika 15 ukiwa naye. Usimwache peke yake, na usimruhusu aondoke kwa miguu, baiskeli au mtumbwi.
3. Kama hajapata nafuu, au kipimo bado kiko chini ya 3.9, rudia kiasi kile kile.
4. Akishapata nafuu, ale chakula kinachokaa tumboni: bukari au nshima na samaki, viazi vitamu, uji, au mkate. Sukari ya kijiko huisha haraka. Asipokula, atashuka tena.
5. Kama anatumia glibenklamidi au vidonge vya aina hiyo, apelekwe kliniki hata akijisikia mzima. Vidonge hivyo hukaa mwilini muda mrefu, na sukari inaweza kushuka tena usiku huo au hata kesho yake.

Soda isiyo na sukari haisaidii. Samaki na dagaa hawana sukari. Karanga zina mafuta, na mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Bukari pekee ni chakula kizuri cha baadaye, lakini ni cha polepole mno kwa dakika za kwanza. Munkoyo pia usiutegemee, kwa sababu hujui una sukari kiasi gani, na ukiwa umechacha una pombe.

Je, kama ulikosea, na kumbe sukari yake ilikuwa juu? Vijiko vinne vya sukari havitamdhuru sana mtu ambaye sukari yake tayari iko juu, na kliniki watairekebisha. Lakini kumnyima sukari mtu aliyeishiwa nayo kunaweza kumuua. Kwa hiyo ukiwa na shaka, na mgonjwa anaweza kumeza, mpe.

Nini cha kufanya akianguka na kutikisika

- Ondoa hatari karibu naye: babula (mbaula) lenye moto, sufuria ya maji ya moto, panga, mawe. Akiwa kwenye mtumbwi, mvute katikati, mbali na ukingo, na mtu mmoja amshike asitumbukie majini.
- Weka nguo laini chini ya kichwa na ulegeze nguo za shingoni.
- Usimkandamize ili aache kutikisika. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Unaweza kumvunja meno au kuumwa, na mtu hawezi kumeza ulimi wake.
- Usimwagie maji, wala kumnyeshea mafuta au dawa ya kienyeji puani.
- Tazama saa. Degedege likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajaamka, ni dharura kubwa.
- Likikoma, mlaze ubavu ili mate yatoke nje na apumue vizuri.
- Tafuta usafiri mara moja. Mtume mtu mwingine akatafute, wewe baki na mgonjwa.

Usimnyweshe kitu mtu aliyezimia. Kinywaji kinaweza kuingia kwenye mapafu. Kwa mtoto aliyezimia aliye mbali na kliniki, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu hatua moja: kijiko kimoja kidogo cha sukari kilicholowanishwa na tone moja au mawili ya maji, kiwekwe chini ya ulimi, huku mtoto amelala ubavu na degedege limekoma. Huwekwa tena kila baada ya dakika 10 hadi 20 mkiwa njiani. Ni hatua ya kwanza tu, ya kumfikisha kwenye kituo ambacho kinaweza kumwekea sukari kwenye mshipa.

Hospitalini, mgonjwa hupewa maji yenye glukosi kwenye mshipa, au sindano ya glukagoni kama ipo. Wengi huamka baada ya dakika chache.

Malaria, kifafa, pombe au sukari?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza muda, na Nchelenge ina sababu yake ya pekee. Wilaya hii ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi zaidi Zambia. Watafiti wa kituo cha utafiti wa magonjwa ya kitropiki cha Ndola wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wameifuatilia malaria ya hapa kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtu akianguka na kutikisika, neno la kwanza la kila mmoja ni malaria. Mara nyingi wana haki, hasa kwa watoto wadogo. Malaria kali huleta degedege.

Lakini kuna mambo matatu ya kujua.

*La kwanza:* mahali penye malaria nyingi, watu wengi hutembea na vimelea bila kuugua. Na kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona. Kwa hiyo kipimo kikionyesha malaria, hilo peke yake halithibitishi kwamba malaria ndiyo iliyomwangusha mgonjwa wa kisukari.

*La pili:* malaria kali yenyewe hushusha sukari, hata kwa mtu asiye na kisukari, hasa watoto na wajawazito. Kwinini nayo inaweza kushusha sukari, kwa sababu husukuma kongosho kutoa insulini. Hii ni moja ya sababu za kuwa makini inapotumika, ingawa siku hizi dawa ya kwanza inayopendekezwa kwa malaria kali ni sindano ya artesunate.

*La tatu:* mwenye kisukari anayeugua malaria hutapika na kukosa hamu ya kula, lakini dawa ya kisukari ipo mwilini. Yeye yumo katika hatari mara mbili. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, maana anayeacha insulini kabisa anaweza kuzidiwa na sukari ya juu. Aende kliniki siku hiyo hiyo, na apimwe vyote viwili.

Sentensi ya kusema ukifika ni hii: "Ana kisukari, anatumia dawa hii, tafadhali mpimeni sukari sasa." Wauguzi wengi wa wilaya hii huongea Kibemba na Kiingereza. Kama wewe unaongea Kiswahili tu, omba mhudumu wa afya wa jamii (kule Kongo wengi tuliwaita reko) akuandikie sentensi hiyo kwenye karatasi kwa lugha ya kliniki, pamoja na jina la dawa na kipimo chake. Karatasi hiyo ikae kwenye mfuko wa nguo au ndani ya kifuniko cha simu.

*Kifafa.* Degedege la sukari linafanana sana na kifafa kwa macho. Tofauti iko kwenye historia. Je, huanguka alfajiri kabla ya kula, au baada ya kazi nzito, au siku ambazo chakula hakikuwepo? Je, huanza na jasho na kutetemeka? Je, huanguka tu tangu alipoanza au kuongezewa dawa ya kisukari? Majibu ya ndiyo yanaelekeza kwenye sukari. Dawa za kifafa hazizuii degedege la sukari, kwa hiyo mtu anaweza kumeza vidonge vya kifafa kwa miezi na bado akaanguka. Pia mtu anaweza kuwa na kifafa na kisukari pamoja, na sukari iliyopanda sana nayo inaweza kuleta degedege. Ndiyo maana kipimo cha sukari wakati wa tukio kina thamani kubwa kuliko maelezo yoyote ya kesho yake.

Jina lisilo sahihi lina gharama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na daktari wa ubongo Gretchen Birbeck na wenzake ulionyesha kwamba Wazambia wenye kifafa walikuwa na elimu ndogo zaidi, chakula kisicho na uhakika zaidi na nyumba duni zaidi kuliko watu wenye magonjwa mengine ya kudumu yasiyo na aibu. Mtu akipachikwa jina la "mwenye kifafa", watu huogopa kula naye. Tukumbuke: kifafa hakiambukizi, na degedege la sukari haliambukizi. Mate ya mgonjwa hayana ugonjwa wa kuangusha. Kumshika ili kumgeuza ubavu hakutakudhuru.

*Pombe.* Mtu aliyeshukiwa na sukari huyumba, huongea maneno yasiyoeleweka na hugombana, na watu husema amelewa. Wakati mwingine ni kweli amekunywa, na hapo hatari ni kubwa zaidi. Ini likishughulika na pombe huacha kutoa akiba ya sukari. Anayekunywa kachasu au lutuku bila kula, huku akitumia insulini au glibenklamidi, anaweza kushuka usiku na asiamke. Mlevi mwenye kisukari asiachwe alale "mpaka pombe imtoke". Aamshwe, apewe kitu kitamu kama anaweza kumeza, na akishindwa kuamka apelekwe hospitali.

*Mapepo na uchawi.* Mgonjwa anaweza kupiga kelele, kutomtambua mkewe, au kusema maneno ya ajabu. Maombi hayazuiwi. Lakini mpe sukari kwanza, kisha mwombeeni mkiwa njiani kwenda kliniki. Viongozi wa dini na waganga wa kienyeji wanaweza kuokoa maisha kwa swali moja tu: "Ana kisukari?"

Je, kila kushuka kwa sukari huua ubongo?

Hapana. Watu wengi wenye kisukari hushuka kidogo mara kwa mara, hula kitu, na hawapati madhara yanayoonekana. Jibu la muda mrefu limetoka kwenye utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada ulioanza mwaka 1983 na watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao waliendelea kufuatiliwa kwa miaka zaidi ya 30. Baada ya miaka kama 18, watafiti hawakuona kwamba waliokuwa wameshuka vibaya walikuwa na akili dhaifu kuliko wenzao. Lakini walipozeeka, tofauti ilianza kuonekana: walioshuka vibaya mara nyingi, waliokuwa na sukari ya juu kwa muda mrefu, na waliokuwa na shinikizo la juu la damu walipoteza zaidi uwezo wa kufikiri.

Kwa wazee wenye kisukari cha aina ya pili, utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha watu zaidi ya 16,000 ulionyesha kwamba waliowahi kufikishwa hospitali kwa sababu ya sukari kushuka walipata ugonjwa wa kusahau kwa kiwango kikubwa zaidi. Somo kwa familia ni hili: usiogope kila kutetemeka, lakini usizoee kuanguka. Mzee aliyeanguka hata mara moja anahitaji dawa zake zipitiwe upya. Mara nyingi daktari hupunguza dozi au kubadili kidonge.

Watoto wadogo nao wanahitaji uangalizi wa pekee, kwa sababu ubongo wao bado unakua na hawawezi kusema wanachohisi. Mtoto mwenye kisukari anayekuwa mkimya ghafla, mwenye jasho na baridi, au anayelia bila kunyamaza, apimwe au apewe kitu kitamu.

Hatari ya kuzoea

Mtu anayeshuka mara kwa mara hupoteza kengele ya mwanzo. Mwili huzoea, adrenalini haitoki tena mapema, na mgonjwa hupita moja kwa moja kutoka hali ya kawaida hadi kuchanganyikiwa. Dawa fulani za presha na moyo, kama propranololi, nazo huficha mapigo ya moyo na kutetemeka. Jasho ndilo linaloweza kubaki kama dalili. Habari njema ni kwamba kengele hiyo inaweza kurudi, mgonjwa akikaa wiki kadhaa bila kushuka tena.

Jinsi ya kujikinga

- Usichome insulini ya mlo kama huna mlo mbele yako. Muulize muuguzi mapema: "Siku nisipokuwa na chakula nifanyeje na dawa yangu?" Kila mtu ana jibu lake kulingana na dawa anayotumia.
- Tembea na sukari. Vijiko vichache vilivyofungwa kwenye nailoni visivyoingia maji vinatosha. Mvuvi aviweke kwenye mtumbwi, mkulima shambani, mwanafunzi kwenye mkoba.
- Kula kabla ya kazi nzito, na kula kidogo kabla ya kulala siku uliyofanya kazi nzito.
- Mwambie mwenzako wa kazi. Anayevua nawe usiku anapaswa kujua una kisukari na sukari yako iko wapi.
- Kabla ya kufunga kwa ajili ya Ramadhani au maombi ya kanisa, zungumza na muuguzi. Kwa watu wengine dozi hubadilishwa, na kwa wengine kufunga si salama.
- Angalia bomba la sindano. Insulini nyingi za siku hizi zina yuniti 100 kwa mililita, na bomba liwe limeandikwa 100. Ukitumia bomba la 40 kwa insulini ya 100, utajichoma mara mbili na nusu ya dozi.
- Wenye ugonjwa wa figo wawe waangalifu zaidi. Insulini na vidonge hukaa mwilini mwao kwa muda mrefu.

Wengi huuliza pia kuhusu kutunza insulini bila friji. Insulini iliyoharibiwa na joto hupoteza nguvu, na mtu anaweza kuongeza dozi kufidia, kisha akapata chupa mpya yenye nguvu kamili na kushuka vibaya. Mwaka 2021, Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya kazi iliyohusu kambi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya. Walipima joto halisi ndani ya nyumba za wakimbizi, kisha wakaiweka insulini maabarani kwenye joto hilo la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Baada ya wiki nne nguvu yake ilikuwa bado inafaa. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa inaweza kutunzwa nyumbani kwa utaratibu atakaokupa muuguzi: kivulini, kwa mfano ndani ya chungu cha udongo kinacholoweshwa nje, mbali na jua na moto. Andika tarehe uliyoifungua.

Wapi pa kupata msaada

Wakimbizi na wenyeji wote wanaweza kutumia vituo vya afya vya serikali. Kituo cha afya cha Mantapala huhudumia wakazi wa makazi na wa vijiji jirani. Wagonjwa wanaohitaji kulazwa hupelekwa mbele, na hospitali kubwa ya eneo hili ni hospitali ya misheni ya St. Paul's iliyoko Kashikishi.

Kwa wanaoishi visiwani, mpango uwepo kabla ya siku ya dharura: mtumbwi wa nani wenye injini, petroli inawekwa wapi, nani atasafiri na mgonjwa. Wakati wa mvua, barabara na ziwa vyote huchelewesha, na hapo sukari iliyo nyumbani ndiyo dawa ya kwanza.

Zungumza na mhudumu wa afya wa jamii wa eneo lako ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako:

- ameanguka au kuchanganyikiwa hata mara moja tangu aanze dawa ya kisukari;
- anatumia dawa za kifafa lakini bado huanguka, na hajawahi kupimwa sukari wakati wa tukio;
- hukosa chakula siku ambazo anapaswa kuchoma insulini au kumeza vidonge;
- amehamia kutoka Kongo na dawa ambazo majina yake kliniki ya hapa hawayatambui. Njoo na pakiti au chupa yenyewe, hata kama ni tupu.

Wasomee makala haya majirani wasiojua kusoma. Mgonjwa aliyeshuka sukari hawezi kujieleza. Anayejua ni yule aliyekaa naye.